Ovaholi ya Injini ya Corolla kwa Mikono Yako: Mwongozo wa Anayeanza

Maswali ninayoulizwa kuhusu ovaholi, yaani kuifungua injini nzima, kuipima na kuifunga upya, ni yale yale. "Corolla yangu inakunywa oili, nikibadilisha ringi (pete za pistoni) tu si itapona?" "Lazima niwe na spana ya torki?" "Nikishaifungua, naiongezaje nguvu?" Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa utaratibu wa kazi yenyewe, ili unayetaka kufungua injini kwa mara ya kwanza uifungue ukijua unaelekea wapi.

Nazungumzia injini za Toyota za 4A-FE na 5A-FE. Ziko kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990, kwenye Sprinter na kwenye Carina. Nazipendekeza kwa anayeanza kwa sababu spea zake hazisumbui, uwe unanunua Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road jijini Nairobi. Sababu ya pili ni kwamba mkanda wa taimingi ukikatika, au ukiufunga vibaya, valvu hazigongani na pistoni. Kuna injini ambazo kosa hilo hilo linazipinda valvu zote.

Kabla ya jambo lolote, hakikisha unajua injini uliyo nayo. "Corolla 100" si jina la injini. Yako inaweza kuwa na 5A-FE, jirani yako akawa na 4A-FE, na mwingine akawa na 4E-FE, ambayo ni ya ukoo mwingine kabisa. Silinda ya 4A-FE ina kipenyo cha milimita 81, ya 5A-FE milimita 78.7. Mwendo wa pistoni kwa zote mbili ni milimita 77, ndiyo maana moja ina cc 1587 na nyingine 1498. Ringi za moja haziingii kwenye nyingine. Soma maandishi kwenye bloku (mwili wa injini wenye silinda), yaandike, uende nayo dukani.

Unachohitaji kabla ya kugusa bolti

Muda kwanza. Jipe wikendi 6 hadi 8, na isiwe gari unayoitegemea kwenda kazini. Mtu anayeharakisha kwa sababu Jumatatu anataka gari ndiye anayefunga beringi bila kupima.

Mahali pakavu penye paa na sakafu ya zege. Chini ya mwembe utaondoa injini vizuri tu, lakini usiifungie hapo, kwa sababu vumbi na mchanga ni adui mkubwa kuliko uchakavu wenyewe.

Vifaa:

- Soketi za milimita 8 hadi 19, racheti, spana za kawaida, na soketi ya plagi
- Spana ya torki, inayopima nguvu unayokazia bolti. Ndiyo, ni lazima. Kama huna uwezo wa kununua, azima au kodi
- Fila geji (vibapa vya kupimia uwazi mwembamba), vernia, na mikromita kama utaipata
- Geji ya kupima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda)
- Chenbloku na boriti au tripodi unayoiamini, stendi za gari, na jeki
- Kibanio cha ringi na kifaa cha kubana springi za valvu
- Mafuta ya taa au dizeli ya kuoshea, brashi, matambara safi yasiyoacha nyuzi
- Mifuko ya plastiki, kalamu isiyofutika, na simu yenye nafasi ya picha
- Manyuali ya matengenezo ya injini yako, ya mwaka wake

Usioshee kwa petroli. Najua gereji nyingi ndivyo zinavyofanya. Mvuke wake hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko au swichi ya jirani, na moto wake hausubiri ukimbie.

Spea usinunue bado, isipokuwa seti ya gasketi na oili sili. Ringi, pistoni na beringi hununuliwa baada ya kupima, kwa sababu hujui kama utahitaji saizi ya kawaida au kubwa zaidi.

Hatua ya 1: Pima injini ikiwa bado nzima

Ipashe moto hadi joto la kawaida, toa plagi zote 4, chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta) na soketi ya distribyuta, kisha funga geji ya kompresheni kwenye silinda ya kwanza. Msaidizi akanyage mafuta hadi mwisho na kupiga starta mpaka mshale usimame. Andika. Rudia kwa zote.

4A-FE iliyo nzima inatoa karibu psi 190. Chini ya psi 142 imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14. Silinda iliyo chini itilie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda, ringi au silinda imelika. Kisipopanda, tatizo liko juu: valvu au gasketi ya hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu).

Hapa ndipo lile swali la ringi linapojibiwa. Wengi wanaosema injini inakunywa oili wana sili za valvu zilizokauka. Dalili yake ni moshi wa bluu asubuhi unapowasha, kisha unaisha. Moshi wa bluu usioisha, unaozidi ukikanyaga mafuta, ndio wa ringi. Kama ni sili tu, hutakuwa na haja ya kuitoa injini kwenye gari.

Hatua ya 2: Piga picha, weka alama, kisha chomoa

Toa terminali hasi ya betri. Mwaga maji na oili. Kabla ya kuchomoa kila soketi ya waya na kila mpira, piga picha ya karibu na nyingine ya mbali, kisha funga karatasi yenye namba pande zote mbili. Bolti za kila kifaa ziingie mfuko wake, mfuko uandikwe. Usiseme utakumbuka. Baada ya wiki 4 hutakumbuka hata bolti ya alteneta.

Hatua ya 3: Itoe injini

Kwenye gari hizi ni rahisi kuitoa pamoja na giaboksi. Funga mnyororo kwenye vishikio vya kiwandani, kamwe si kwenye manifoldi. Nyanyua kidogo mpaka uzito ukae kwenye chenbloku, ndipo utoe mauntingi (vishikilio vya injini). Pandisha polepole, ukizunguka kutazama waya uliosahauliwa. Upo, kila mara upo.

Mtu yeyote asiweke mkono wala mguu chini ya injini inayoning'inia, hata kwa sekunde moja.

Hatua ya 4: Fungua sehemu ya juu

Hapa kuna mtego unaowapata hata mafundi wa siku nyingi. Mkanda unazungusha kamshafti (shafti inayofungua valvu) moja, na hiyo moja inaizungusha ya pili kwa gia. Gia ya ile ya pili ni mbili zilizobanana kwa springi. Kabla ya kuitoa, pitisha bolti nyembamba ya milimita 6 kwenye tundu la gia ili kuzifunga pamoja. Ukisahau, springi inaachia, na kuirudisha ni kazi ya jioni nzima.

Pia kamshafti lazima inyanyuke ikiwa sawa, upande wa kulia na kushoto kwa pamoja. Legeza kepu zake kidogo kidogo kwa kupokezana. Ikiinama, hedi ya alumini inamenyeka au kupasuka pale inapokaa.

Bolti za hedi ni 10. Zilegeze kuanzia za nje kuja katikati, kwa awamu tatu. Utaona hazilingani: za upande wa eksozi zina urefu wa milimita 108, za upande wa hewa 90. Toboa matundu 10 kwenye kipande cha boksi, uzichomeke kwa mpangilio ule ule.

Hatua ya 5: Fungua sehemu ya chini

Geuza bloku, toa sampu (bakuli la oili la chini) na kichujio cha oili. Tazama vizuri masalia ya chini. Unga wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vya rangi ya shaba vinakwambia beringi zimekwisha.

Kabla ya kulegeza konrodi yoyote (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti, shafti kuu ya chini), gonga alama za nukta kwenye konrodi na kepu yake: nukta moja kwa silinda ya kwanza, mbili kwa ya pili, hivyo hivyo hadi nne. Silinda ya kwanza ni ya upande wa mkanda wa taimingi. Kepu ya konrodi moja haiendi kwenye nyingine hata kama kwa macho zinafanana, kwa sababu zilichongwa zikiwa zimefungwa pamoja. Kepu za krankshafti zina namba na mshale unaotazama mbele. Ziache kwa mpangilio huo.

Vika vipande vya mpira kwenye bolti za konrodi unaposukuma pistoni nje, zisikwaruze krankshafti.

Hatua ya 6: Osha, kisha pima kila kitu

Hii ndiyo hatua ninayoijali kuliko zote. Kufungua na kufunga, kila mwenye spana anaweza. Kipimo ndicho kinachoamua kama injini itadumu.

- Hedi: weka rula ya chuma iliyonyooka juu yake, jaribu kupitisha fila ya milimita 0.05 chini ya rula. Ikipita, hedi imepinda na inahitaji kuskimiwa (kusawazishwa kwa mashine).
- Silinda: pima juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili kwa njia ya msalaba. Pitisha ukucha karibu na ukingo wa juu. Ukikwama kwenye ngazi, ringi mpya peke yake hazitasaidia.
- Ringi: iingize ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima uwazi wa ncha zake. Kwa ringi ya juu lenga milimita 0.25 hadi 0.45.
- Krankshafti: pima kila jonali (sehemu inayozungukia ndani ya beringi). Mikwaruzo inayoshika ukucha inamaanisha kuchongwa na kuwekewa beringi za saizi ya chini.

Hatua ya 7: Peleka kwa mtu wa mashine

Kubori (kupanua silinda kwa mashine), kuskimu na kuchonga krankshafti si kazi ya nyumbani. Nunua pistoni kwanza, uende nazo. Fundi abori silinda kulingana na pistoni halisi zilizo mkononi mwake, si kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Kwa kawaida hatua ya kwanza ni kuongeza milimita 0.50. Mwambie amalizie kwa kuhoni (kusugua silinda kwa jiwe), ili ukitazama ndani ya silinda uone mistari myembamba iliyopishana. Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili na kuzifanya ringi zikae.

Hedi usikubali iskimiwe zaidi ya inavyohitaji.

Hatua ya 8: Osha tena

Injini yangu ya kwanza ilinifundisha hili kwa gharama kubwa. Nilichukua bloku kutoka karakana moja, inang'aa, nikaiamini, nikafunga siku ile ile. Baada ya wiki tatu taa ya oili ikaanza kuwaka kwenye foleni. Nilipofungua, beringi zote zilikuwa na mifereji myembamba, kama zimepigwa msasa. Na kweli zilipigwa: unga wa jiwe la kuhonia ulibaki kwenye njia za oili. Beringi mpya, ringi mpya, krankshafti ikaenda kuchongwa, vyote kwa kukosa maji na sabuni.

Kwa hiyo osha bloku kwa maji ya moto na sabuni ya unga, pitisha brashi ndefu kwenye kila njia ya oili, suuza, kausha kwa upepo wa kompresa, kisha paka oili mara moja kabla haijashika kutu. Halafu chukua kitambaa cheupe chenye oili safi, futa ndani ya silinda, kitazame kwenye mwanga wa jua. Kikitoka na kivuli cha kijivu, rudia kuosha. Mimi huwa nafika mara ya nne au ya tano ndipo kitambaa kinatoka cheupe.

Hatua ya 9: Funga sehemu ya chini

1. Weka beringi kavu kwenye bloku, kishikizo kikae kwenye mfereji wake na tundu la oili lilingane na la bloku. Nyuma ya beringi pasiwe na oili wala unywele.
2. Laza krankshafti, weka uzi wa plastiki wa kupimia juu ya kila jonali, funga kepu kwa torki ya Nm (nyutoni-mita) 60 kuanzia katikati, kisha fungua upime uzi ulivyobapa. Uwazi uwe milimita 0.015 hadi 0.033. Usiizungushe krankshafti uzi ukiwa ndani.
3. Safisha uzi, paka oili, weka vinusu duara vya kuzuia krankshafti isicheze mbele na nyuma, mifereji yake ikitazama nje. Funga kabisa. Zungusha kwa mkono: ikigoma, simama utafute sababu.
4. Vika ringi zikiwa na maandishi juu, ncha zake zisipangane mstari mmoja.
5. Paka oili, bana kwa kibanio, alama ya kichwani mwa pistoni ielekee upande wa mkanda. Gonga taratibu kwa mpini wa nyundo. Pistoni ikikataa ghafla, ringi imetoka kwenye kibanio. Ukiilazimisha, unaivunja.
6. Torki ya konrodi hutofautiana kati ya injini za zamani na za baadaye. Tumia ya manyuali ya mwaka wako tu. Baada ya kila pistoni, zungusha tena.

Silikoni ya sampu iwe mstari mwembamba. Inayozidi hukatika ndani na kwenda kuziba kichujio cha oili.

Hatua ya 10: Hedi

Saga kila valvu na kiti chake kwa pesti, mpaka uone duara moja la kijivu lisilokatika. Futa pesti yote. Weka sili mpya, rudisha springi. Jaribu kwa kumwaga mafuta ya taa kwenye chumba cha kuchomea. Yakivuja kupitia valvu ndani ya dakika chache, saga tena.

Gasketi mpya ikae ikavu. Bolti zifungwe kutoka katikati kwenda nje: kwanza Nm 29 zote, kisha nyuzi 90, kisha 90 nyingine. Weka nukta ya rangi upande wa mbele wa kichwa cha kila bolti. Ukimaliza, nukta zote zinatazama nyuma, na hapo huhitaji kukisia uliyoiruka.

Uwazi wa valvu upimwe injini ikiwa baridi: za hewa milimita 0.15 hadi 0.25, za eksozi lenga 0.25 hadi 0.30. Hurekebishwa kwa kubadilisha shimu (visahani vya chuma vya unene tofauti).

Hatua ya 11: Taimingi

Alama ya krankshafti kwenye 0, tundu dogo la gia ya kamshafti lilingane na alama ya kepu yake. Vika mkanda mpya, achia tenshona (kikaza mkanda), zungusha krankshafti mizunguko miwili kamili kwa mkono, kufuata mwelekeo wa saa, kisha tazama alama tena. Zikipishana hata jino moja, rudia. Plagi zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2.

Hatua ya 12: Kuwasha mara ya kwanza

Rudisha injini, jaza kulanti, weka filta mpya na oili, lita 3 na ushei, ukifuata kijiti. Plagi ziwe nje na fyuzi ya EFI ikiwa imetolewa. Piga starta kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Usiwashe kabla ya hapo.

Ikishawaka, taa ya oili isipozima ndani ya sekunde 5, zima. Unganisha TE1 na E1, matundu ya boksi la uchunguzi (diagnosis) karibu na injini, weka taimingi ya moto kwenye nyuzi 10. Usiiache kwenye sailensa (ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) muda mrefu. Iendeshe barabarani, kanyaga kiasi, achia, kanyaga tena, ili ringi zisuguane na silinda zikiwa na mzigo. Mwaga oili ya kwanza baada ya kilomita 500.

Na nguvu je?

Ushauri wangu: ovaholi ya kwanza ibaki kama ya kiwandani. Ukibadilisha mambo matano kwa mpigo na injini ikagoma, hujui lipi limesababisha. Lakini yapo unayoweza kufanya ukiwa umeshafungua, na hayana hatari. Pima pistoni na konrodi kwenye mizani ya sonara, punguza zilizo nzito mpaka zilingane kwa gramu moja. Injini inatulia, na utaisikia kwenye usukani. Linganisha matundu ya manifoldi na ya hedi kwa kutumia gasketi kama kielelezo, ondoa ngazi tu, usipanue njia ya hewa ovyo.

Wanaotamani zaidi huishia kwenye 4A-GE ya valvu 20, iliyotoka mwaka 1991 ikiwa na valvu tano kwa kila silinda na mlango wa hewa wa kila silinda. Wengine hutumia bloku ya 7A, yenye silinda zile zile za milimita 81 lakini mwendo wa 85.5. Usidhani utachukua krankshafti ya 7A uitumbukize kwenye bloku ya 4A. Bloku ya 7A ni ndefu zaidi kwenda juu.

Ikikusumbua

*Inazunguka lakini haiwaki.* Angalia fyuzi ya EFI uliyoichomoa, halafu distribyuta: rota ielekee silinda ya kwanza pistoni ikiwa juu kwenye kompresheni, si kwenye eksozi.

*Ina misi (silinda moja haichomi vizuri).* Waya za plagi zimepishana, au soketi ya nozeli haijaingia. Chomoa moja moja, ile isiyobadilisha mlio ndiyo yenye tatizo.

*Inatoa moshi wa bluu.* Kilomita za mwanzo vumilia. Ukiendelea baada ya kilomita 1000, pima kompresheni.

*Inachemsha.* Mara nyingi ni hewa iliyobaki kwenye mfumo. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, washa hita ya ndani, jaza mpaka mapovu yaishe.

*Inagonga chini.* Zima hapo hapo, usiijaribu "kidogo tu". Ni konrodi, na kila mzunguko unakula krankshafti.

Ukihitaji msaada, uwe wangu au wa fundi mwingine, njoo na namba ya injini, vipimo vya kompresheni vya silinda zote 4, ulivyoviandika kabla ya kufungua na ulivyopata baada ya kufunga, na picha ya plagi zikiwa zimepangwa kwa mpangilio wa silinda zake.